Uzi maalumu: Kubuni programu ya simu ya kuratibu michezo ya timu za ridhaa

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta mada hii kwa wanaobuni programu za simu, wanaofikiria kubuni, na hasa kwa wale wanaobeba mzigo wa kupanga mechi za ridhaa: soka, kikapu, wavu, netiboli, raga, chochote kinachotaka watu kadhaa wafike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge mkijua niliposimama. Programu ya aina hii inajengwa kwa ajili ya mratibu, na kazi yake ya kwanza ni kujibu swali moja: nani anakuja? Takwimu za wafungaji, picha, ukurasa wa kila mchezaji, sehemu ya soga, vyote hivyo ni mapambo mpaka swali hilo lipate jibu la kuaminika.

Mshindani wetu mkubwa ni kundi la WhatsApp. Karibu kila timu ya ridhaa inalo, na utaratibu wake unajulikana: mratibu anaandika orodha yenye namba, kila anayekuja anainakili, anaongeza jina lake, anairusha tena. Angalieni kinachotokea nafasi zikibaki chache. Orodha ina majina tisa, nafasi ni kumi. Watu wawili wanainakili kwa wakati mmoja, kila mmoja anajiandika namba kumi, wote wanatuma. Sasa kuna orodha mbili, zote zimejaa, kila moja ina mtu wa kumi tofauti. Anakuja mwingine kujitoa: ananakili ile ya chini, anafuta jina lake, anatuma. Yule aliyekuwa wa kumi kwenye orodha ya juu ametoweka bila mtu yeyote kumfuta, na mwenyewe hana habari. Atafika uwanjani na viatu keshavaa, na mratibu ndiye atakayemweleza kwamba hayumo.

WhatsApp ilileta kura mwaka 2022 na zimepunguza adha. Lakini kura haijui kwamba nafasi ni kumi. Haimpangi wa kumi na moja kwenye foleni, haimshtui aliye mbele ya foleni kwamba mtu amejitoa, na ikishafunikwa na ubishi wa mechi ya jana watu wengi hawaioni tena. Hapo ndipo penye nafasi yetu.

Tuingie ndani. Jibu la mchezaji lina hali nne: "Nipo", "Sipo", "Sijajua bado", na kimya. Wabunifu wengi huichukulia kimya kama "Sipo", na hapo mratibu anakuwa amenyimwa taarifa anayoihitaji kuliko zote. Aliyesema hayupo ameshafanya kazi yake, asisumbuliwe. Aliye kimya ndiye wa kufuatwa. Skrini ya kwanza ya mratibu iwaoneshe walio kimya kwa majina, na pembeni kitufe kimoja cha kuwakumbusha wao peke yao.

"Sijajua bado" nayo lazima iwe na ukomo. Ukiiacha wazi, watu wanajificha humo mpaka dakika ya mwisho. Kila mechi iwe na saa ya kufunga majibu. Ikipita, aliye kwenye "Sijajua" anaachia nafasi na anaambiwa wazi kwamba ameiachia. Ukali huu ni wa haki, kwa sababu kuna mtu kwenye foleni anayetaka kucheza kweli.

Jambo jingine linalosahaulika: mechi haina namba moja ya wachezaji, ina tatu. Kuna idadi ya chini ambayo bila hiyo hakuna mchezo, idadi mnayoitaka, na kikomo. Tena zinatofautiana kwa mchezo. Kwenye soka la kumi na mmoja, sheria ya tatu inasema mechi haianzi wala haiendelei ikiwa timu moja ina wachezaji chini ya saba. Kikapu kinataka watano wawe tayari ndipo mchezo uanze. Wavu ni sita uwanjani muda wote, huwezi kuendelea na watano. Kwa hiyo mratibu akichagua mchezo, programu iweke namba hizo yenyewe, halafu imwachie azibadilishe, maana wachezaji wa ridhaa hucheza saba kwa saba, nane kwa nane, vyovyote uwanja unavyoruhusu.

Na kipa! Unaweza kuwa na watu kumi na wanne waliothibitisha na bado huna mechi kwa kuwa hakuna wa kukaa golini. Nafasi maalumu zihesabiwe peke yake, na foleni yake iwe peke yake.

Naomba maoni. Nitajibu hoja moja moja.

KipaWaAkiba:

Mkuu umegusa penyewe, hasa hapo pa kipa. Swali langu ni moja. Wachezaji wenzangu hawapakui kitu. Simu zimejaa, bando ni la kubana, na mtu anakwambia "niandike tu kaka, nitakuja". Utawapataje hao?

Mleta uzi:

KipaWaAkiba, usiwalazimishe kupakua. Hili kwangu ni la lazima kabisa. Mratibu peke yake ndiye anayelazimika kuwa na programu kwenye simu. Mchezaji anapokea kiungo, kwenye kundi lilelile la WhatsApp au kwa ujumbe mfupi, anakibonyeza, kinafunguka kwenye kivinjari: jina la mechi, siku, saa, uwanja, nafasi zilizobaki, na vitufe vitatu. Anabonyeza, anafunga, anaendelea na shughuli zake. Hakuna nywila, hakuna kuthibitisha barua pepe. Ukurasa wenyewe uwe mwepesi, maandishi tu, usio na picha ya mchezaji wa kulipwa akipiga tikitaka.

Utauliza: nitajuaje aliyebonyeza ni nani? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kila mchezaji kuwa na kiungo chake, anakihifadhi na kinamtambua siku zote. Ya pili ni kiungo kimoja cha timu nzima, mtu anachagua jina lake kwenye orodha na kivinjari kinalikumbuka. Njia ya pili inaruhusu mtu kumjibia mwenzake, na mimi naona ni sawa, kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi: "niandike na mimi" ni ombi halali. Ila kila badiliko liandikwe: nani alibadilisha, saa ngapi, kutoka hali gani kwenda ipi. Ugomvi ukizuka kuhusu nani alijitoa, kumbukumbu ipo.

Na yule wa "niandike tu kaka" mratibu amwandike mwenyewe kwa mguso mmoja. Hata mgeni asiye na simu awezekane kuandikwa kwa jina tu. Programu inayogoma kumpokea mtu kwa kuwa hana akaunti itamrudisha mratibu kwenye karatasi.

Msimbo_Safi:

Naongezea upande wa ufundi, kwa sababu ile hadithi ya orodha mbili inaweza kujirudia ndani ya programu yenyewe msipokuwa makini.

Nafasi imebaki moja, watu wawili wanabonyeza "Nipo" ndani ya sekunde moja. Msimbo wa kawaida husoma idadi, huona tisa, halafu huandika. Maombi mawili yakija pamoja, yote yanasoma tisa, yote yanaandika, unakuwa na kumi na moja. Dawa ni kusoma na kuandika vifanyike kama tendo moja lisilogawanyika ndani ya hifadhidata, kwa kuifunga rekodi ya mechi kwanza. Wa pili anasubiri, anasoma kumi, anaingia kwenye foleni. Seva, yaani kompyuta kuu inayopokea majibu yote, ndiyo refa.

Na simu isimwambie mtu "umepata nafasi" kabla seva haijasema. Wabunifu wanapenda kuonesha tiki ya kijani papo hapo ili programu ionekane ina kasi. Kwenye kupenda picha sawa. Kwenye nafasi ya mwisho ya mechi ni kumdanganya mtu. Andika "tunatuma jibu lako", kisha uthibitishe.

Kingine: tunza saa zote kwenye seva kwa UTC, saa ya kimataifa isiyobadilika, ila hifadhi pia jina la eneo la saa la uwanja. Nchi zinazobadilisha saa majira ya joto zitakuvuruga ukihifadhi tofauti ya saa peke yake, maana mechi ya kila wiki saa ileile itaruka saa moja mbele au nyuma.

Mleta uzi:

Msimbo_Safi, asante sana. Hiyo ya kutotoa tiki mapema ningependa kila mbunifu aisome.

Niongeze la foleni hapohapo. Mtu akijitoa, wa kwanza kwenye foleni anapewa muda gani kukubali? Jibu linategemea umbali wa mechi. Zikibaki siku tatu, mpe saa kadhaa, halafu hamia kwa wa pili. Yakibaki masaa mawili hakuna muda wa kubembelezana: tangaza kwa foleni nzima, wa kwanza kubonyeza anachukua. Mratibu asihitaji kukumbuka lolote kati ya haya, programu ibadili mwenendo yenyewe kadiri saa inavyosogea.

Halafu kuna hili, ambalo naliona ni gumu kuliko yote: mechi inapobadilishwa muda au uwanja baada ya watu kuthibitisha. Ukiyaacha majibu yalivyo, una watu waliosema "Nipo" kwa saa ambayo haipo tena. Ukiyafuta yote, unamwanzishia mratibu kazi upya, na aliyewahi kuthibitisha anapoteza nafasi kwa kosa lisilo lake. Pendekezo langu: nafasi yake ibaki, ila jibu lipate alama ya "alithibitisha saa ya zamani", na aulizwe swali moja, bado upo? Mpaka ajibu, mratibu anamwona kwa rangi tofauti. Hesabu ya mratibu iseme ukweli: sita wa uhakika, wanne wa saa ya zamani. Asione "kumi" ya kujifariji.

NambaSita:

Mimi nachoka na arifa. Programu moja ya mazoezi niliiondoa kwenye simu kwa sababu kila mtu akiandika "sawa" simu inalia. Hilo mmelifikiriaje?

Mleta uzi:

NambaSita, una haki ya kuchoka. Arifa ziwe za aina tatu tu: mwaliko wa mechi mpya, ukumbusho kwa aliye kimya, na badiliko linalomhusu mtu mwenyewe (saa, uwanja, kufutwa kwa mechi, nafasi kupatikana). Nani kajibu nini, asiyekuwa mratibu hahitaji simu yake ilie kwa ajili hiyo.

Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu haiwezi kutuma arifa mpaka mtumiaji airuhusu. iPhone ilikuwa hivyo kabla. Maana yake una nafasi finyu ya kuomba, na ukiomba programu inapofunguliwa mara ya kwanza mtu atakataa, kwa kuwa hajaona faida yoyote. Omba baada ya mtu kubonyeza "Nipo", kwa maneno ya wazi: "Tukujulishe mechi ikibadilika?" Hapo anajua anachokubali.

Tena usitegemee programu iliyolala kwenye simu ijiamshe yenyewe kukumbusha. Tangu Android 6, simu ikitulia kwa muda mfumo huzuia kazi za chinichini ili kutunza chaji, na baadhi ya watengenezaji wa simu wanabana zaidi ya hapo. Ukumbusho utoke kwenye seva. Na kwa asiyetaka arifa kabisa, mpe kitufe cha kuiweka mechi kwenye kalenda ya simu. Faili la iCalendar linasomeka na karibu kalenda zote, na kalenda ya mtu haimkeri kwa sababu ni yake.

Katibu_Ligi:

Mmezungumzia mechi za kujikusanya. Sisi wa ligi ndogo je? Timu saba, mara nyingine nane, mzunguko mmoja halafu mtoano. Ratiba naipanga kwa mkono na kila msimu kuna timu inalalamika.

Mleta uzi:

Katibu, hili kompyuta inalifanya vizuri kuliko binadamu, na njia yake ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuihakiki kwa karatasi. Timu nane: andika 1, 2, 3, 4 mstari wa juu, na 8, 7, 6, 5 mstari wa chini. Zinazotazamana zinacheza: 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5. Raundi inayofuata, timu ya 1 inabaki pale pale, nyingine zote zinasogea nafasi moja kwa kuzunguka. Ukizungusha hivyo raundi saba, kila timu imekutana na kila timu mara moja, mechi 28. Timu zikiwa saba, weka ya nane ya kubuni. Inayokutana nayo inapumzika wiki hiyo. Unapata mechi 21, na kila timu inapumzika mara moja, hakuna wa kulalamika.

Mtoano ni rahisi zaidi kuhesabu: kila mechi inatoa timu moja, kwa hiyo timu kumi na moja zinacheza mechi kumi mpaka bingwa apatikane. Shida yake ni raundi ya kwanza. Nafasi za mtoano hugawanyika nusu kwa nusu (16, 8, 4, 2), kwa hiyo kwa timu kumi na moja unapanda mpaka 16, maana yake timu tano zinavuka bila kucheza. Zipi? Hilo liamuliwe kabla ya droo na programu iliandike mahali pa wazi.

Kwenye msimamo, nasisitiza mambo mawili. Kwanza, pointi zisihifadhiwe kama namba ambayo mtu anaweza kuingia akaibadilisha. Hifadhi matokeo ya mechi tu, msimamo ukokotolewe upya kila mara kutoka kwenye matokeo hayo. Tokeo likirekebishwa, jedwali linajirekebisha, na hakuna anayeweza kudai pointi zake zimeliwa.

Pili, kanuni ya kuzitenganisha timu zilizolingana ifungwe kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Msidhani ni jambo la nadra. Kombe la Dunia 2018, kundi H, Japan na Senegal zilimaliza na pointi nne kila moja, zimefunga mabao manne na kufungwa manne, na zenyewe zilitoka sare ya 2-2. Japan ikapita kwa sababu ilikuwa na kadi chache za njano. Senegal waliumia, lakini kanuni ilikuwepo kabla. Ligi ndogo ikifika hapo bila kanuni, itavunjika. Kwa hiyo programu isimruhusu katibu kuchapisha ratiba mpaka achague mpangilio: tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, walipokutana wao kwa wao, nidhamu, kura ya bahati. Pointi tatu kwa ushindi nazo ziwe chaguo, zisigandishwe kwenye msimbo; England walianza kuzitumia mwaka 1981, na Kombe la Dunia halikuzitumia mpaka 1994.

Timu isipofika pia iwe na utaratibu unaofuata mchezo husika. Kwenye soka ni desturi kuandika 3-0, kwenye kikapu 20-0. Katibu achague mara moja, asiombwe kubuni namba mbele ya nahodha mwenye hasira.

NambaSita:

Na kugawa timu? Kwetu ndipo vita ilipo. Manahodha wawili wanachagua mmoja mmoja, anayechaguliwa mwisho kila wiki ni yuleyule, na siku hizi haji tena.

Mleta uzi:

NambaSita, kwa ajili ya huyo asiyekuja tena, hili linastahili kutengenezwa vizuri.

Hesabu yake iko hivi. Watu kumi unaweza kuwagawa timu mbili za watano kwa njia 126. Kumi na wawili, njia 462. Kumi na wanne, 1,716. Hata wakifika ishirini na wawili ni njia 352,716, na simu ya kawaida inazipitia zote kwa muda mfupi. Hakuna haja ya akili bandia wala neno lolote kubwa. Kinachohitajika ni kiwango cha kila mchezaji, na masharti machache: makipa wawili watengane, ndugu wawili wanaogombana watengane, aliyerudi kutoka kwenye majeraha asipangwe na wenzake wote wa kasi ndogo. Programu iondoe migawanyo inayovunja masharti, ilinganishe iliyobaki, imletee mratibu mitatu iliyo sawa zaidi. Yeye achague. Ikiwa mmoja tu, watu watasema "kompyuta imeonea". Ikiwa mitatu, kuna mtu aliyeamua na anaweza kueleza.

Kiwango kinatoka wapi? Watu watapendekeza Elo, mfumo wa kukokotoa viwango kutokana na matokeo, aliouunda Arpad Elo kwa ajili ya sataranji. FIFA wameupokea kwenye viwango vya timu za taifa za wanaume tangu 2018. Ni mfumo mzuri, lakini kwenye sataranji tokeo ni la mtu mmoja. Kwenye mechi ya watu kumi, tokeo moja linagawanywa kwa watu kumi, na itachukua mechi nyingi kabla namba hazijamtenganisha hodari na mwenye bahati ya kupangwa naye. Kwa hiyo mwanzoni mratibu aweke kiwango cha moja hadi tano kwa jicho lake, anawajua watu wake. Matokeo yaje kurekebisha polepole.

Na namba hizo asizione mtu mwingine. Hata mchezaji mwenyewe asione yake. Watu wanakuja kucheza baada ya wiki nzima ya kupimwa kazini na shuleni. Ukimwandikia "2.4" kando ya jina, umemfukuza kwa njia ya kisasa.

MamaWaWinga:

Jamani, mnajadili watu wazima. Timu ya mwanangu ina watoto wa miaka kumi na moja. Kiungo kinachofunguka bila nywila, chenye saa na uwanja watakapokuwepo watoto, kinanitia wasiwasi.

Mleta uzi:

Mama yetu, wasiwasi wako una msingi na unabadilisha nilichosema juu. Kwa timu ya watoto, kiungo cha wazi hakifai. Hapo kila mzazi awe na kiungo chake, kinachokufa mzazi akitoka kwenye timu, na ukurasa usionekane kwenye injini za utafutaji. Jina la mtoto liwe la kwanza tu. Picha zisiwepo. Akaunti iwe ya mzazi, mtoto asiwe nayo: sheria ya Marekani ya faragha ya watoto inataka ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 13, na kanuni ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, inaziachia nchi zichague umri kati ya 13 na 16. Mbunifu akichukua njia ya akaunti ya mzazi, anakuwa upande salama na, la muhimu zaidi, mtoto anakuwa salama.

Soga kati ya mtu mzima mmoja na mtoto mmoja isiwepo kabisa ndani ya programu. Ujumbe wa kocha uende kwa wazazi.

Na kwa timu zote, wakubwa na wadogo: programu isiombe kujua mtu yuko wapi muda huu. Tunahitaji mahali uwanja ulipo. "Niko njiani" mtu anaweza kubonyeza mwenyewe.

KipaWaAkiba:

Bado hela. Mchango wa uwanja ndio unaomtoa jasho mratibu.

Mleta uzi:

Kweli kabisa. Kwa kifupi: programu iandike nani amelipa na nani bado, isishike fedha yenyewe. Ukianza kupokea na kugawa fedha za watu unaingia kwenye leseni, marejesho na mashauri ambayo timu ndogo ya wabunifu haitayaweza. Mchango wa kichwa ukokotolewe baada ya orodha kufungwa, na aliyejitoa baada ya kufungwa abaki na deni lake isipokuwa mtu wa foleni amechukua nafasi. Orodha ya wadaiwa aione mratibu peke yake; kila mtu aone yake. Kuwaanika watu mbele ya timu hakulipi deni, kunapunguza wachezaji.

Msimbo_Safi:

Mimi nabaki na uwanja wenyewe. Anayeandika matokeo yuko juani, mikono ina jasho, mtandao unakatika.

Mleta uzi:

Ndiyo, na skrini hiyo watu huichora wakiwa ofisini kwenye kivuli. Vitufe viwili vikubwa, bao la timu hii na bao la timu ile, vijaze nusu ya skrini kila kimoja. Miongozo ya Android inataka kitufe kisipungue dp 48 na Apple wanasema pointi 44, vyote vikiwa vipimo vya ukubwa kwenye skrini. Kwa mtu anayetazama mpira huku anabonyeza, hizo ni kidogo mno. Maandishi meusi juu ya nyeupe, maana rangi za kijivu zilizofifia hazionekani juani. Na kitufe cha "rudisha nyuma" kiwepo muda wote.

Kuhusu mtandao: kila tukio lihifadhiwe kwanza kwenye simu, lipewe kitambulisho chake hapohapo kwenye simu, kisha litumwe mtandao ukirudi. Likitumwa mara mbili kwa sababu ya kukatika, seva inaona kitambulisho kilekile na kulipokea mara moja tu. Usitume "sasa ni 2-1". Tuma "bao, timu B, dakika ya 34", jumla itajihesabu. Na mwandishi wa matokeo awe mmoja kwa kila mechi, mwenye uwezo wa kumkabidhi mwingine, la sivyo simu mbili zitaandika bao moja kama mawili, na hapo kitambulisho hakitusaidii kwa sababu ni matukio mawili tofauti kwa macho ya seva.

Katibu_Ligi:

La mwisho kutoka kwangu. Mratibu akihama au akichoka?

Mleta uzi:

Katibu, hili ndilo linaloua timu nyingi kuliko vipigo. Programu idai waratibu wawili tangu siku ya kwanza, hata kama wa pili hafanyi kitu. Wa kwanza asipofungua programu kwa wiki kadhaa huku kuna mechi zinakaribia, wa pili aulizwe kama anachukua usukani. Majina, matokeo na michango viweze kupakuliwa vyote kama faili la jedwali la kawaida, bila kuomba ruhusa ya mtu wala kulipia. Timu ikiamua kurudi kwenye daftari, iondoke na kumbukumbu zake zote.

Anayetaka kuanza kujenga, napendekeza apime kitu kimoja kwenye timu ya kwanza atakayoipa: jumbe ngapi mratibu bado anaziandika kwa mkono kabla ya kila mechi. Ukiona mratibu bado anawafuata watu mmoja mmoja, usiongeze skrini mpya. Kaa naye, mwangalie anavyoshika simu siku ya mechi, na urekebishe hizo hizo zilizopo. Mwenye michoro tayari aiweke hapa tuipitie pamoja.